Shemeji kang'ang'ania V8 kwenye MG yetu

Shikamoo Fundi,

Mimi ni mtu wa Tanga, naishi Leicester siku nyingi sasa, naendesha basi. Mwaka jana jirani yetu, bibi wa Kiingereza, alifiwa na mumewe, akawa anaondoa vitu vya marehemu gereji. Kimojawapo ni MGB ya 1972, ile ya wazi isiyo na paa, ya kijani, bampa za kromu. Ilikuwa imefunikwa shuka na juu yake wamepanga makopo ya rangi. Mimi na kaka wa mke wangu tukachanga, tukaichukua kwa pauni 3,500. Tulikubaliana tuifufue polepole, kiangazi tuwe tunaitoa Jumapili, na ikitokea mnunuzi mzuri tuiuze tugawane. Kwenye fungu letu zimebaki pauni 5,000.

Sasa hatuelewani. Injini inawaka, ila kwa taabu. Ikiwa baridi inatoa moshi wa bluu, kisha moshi unapungua. Haina nguvu, na ikiwa sailensa inatetemeka. Niliazima geji nikapima kompresheni: silinda ya kwanza 160, ya pili 155, ya tatu 95, ya nne 160. Presha ya oili ikishapata moto inasoma 60 nikiwa naenda, na 20 hivi ikiwa imesimama. Shemeji kasema injini hiyo imekufa, ikauzwe kwa kilo. Anataka tutie V8 ya Rover, lita 3.5. Kampata mtu anayevunja Range Rover ya zamani, na kashampa kianzio cha pauni 300 kutoka fungu letu bila kuniambia.

Mimi roho inasita, lakini nikifungua mdomo ananiambia yeye ndiye aliyesomea ufundi wa magari, mimi kazi yangu ni kushika usukani. Isitoshe ni kaka mkubwa. Ndiye aliyesimamia posa yangu, na ndiye aliyenipokea nilipofika nchi hii. Hata ile karatasi ya gari, V5C, ina jina lake. Mke wangu kasema nisije nikamkosea kaka yake kwa ajili ya kopo la bati, na huyo huyo kila mwisho wa mwezi ananiuliza pesa zimefikia wapi.

Mengine ni madogo: viti vimechanika, turubai limeoza, na mlango wa dereva ukipiga jeki upande ule haufungi sawasawa. Nadhani ni bawaba, tutaziona mwishoni tukishamaliza injini.

Naomba uniambie: V8 ina maana kwa gari hili? Itapandisha bei au itaishusha? Na huyu shemeji nimwingieje?

Mwenye nusu ya MG, Leicester

*

Marahaba, mwanangu.

Umeniandikia habari ndefu ya injini, halafu mlango ukautupa kule chini pamoja na viti na turubai. Mimi nimeanzia hapo kwenye mlango. Bawaba mbovu ni mbovu gari likiwa juu na likiwa chini. Mlango unaofunga vizuri gari likiwa limesimama kwa matairi yake, ukagoma likipigwa jeki, unakuambia kwamba gari lenyewe linapinda.

Nikueleze kwa nini. MGA, gari lililotangulia hili, lilikuwa na chasisi yake ya chuma na bodi imekalishwa juu. MGB ilipotoka kiwandani Abingdon mwaka 1962 ilikuja bila chasisi: bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu. Ile ya GT ina paa la kusaidia. Yenu haina paa, kwa hiyo mbele na nyuma ya gari vinashikwa na mhimili wa katikati inapopita shafti, pamoja na sili mbili, yale maboksi ya bati yanayopita chini ya milango. Na sili ya MGB si bati moja. Kuna la ndani, kuna la nje, na kati yao kuna la tatu lililosimama wima, halafu chini kabisa kuna reli inayofungia boksi. Maji ya barabarani na chumvi wanayomwaga Waingereza wakati wa baridi huingia humo na kukaa. La nje linaweza kung'aa kwa rangi huku la katikati limebaki unga mwekundu.

Sasa fanya hivi. Gari likiwa chini, funga mlango, tazama ule mwanya kati ya mlango na bodi kwa nyuma, juu na chini. Pima kwa kipande cha kadibodi. Kisha piga jeki kwenye sehemu yake chini ya sili, taratibu, tairi zikianza tu kunyanyuka, upime tena. Mwanya ukibadilika, umepata jibu. Ukisikia bati linalia na jeki inazama ndani, shusha haraka. Na tafadhali, kabla ya mtu yeyote kuingia chini, gari likalie stendi zilizowekwa chini ya ekseli na chini ya fremu ya mbele ya saspensheni, si chini ya hizo sili.

Halafu chukua taa kali, bisibisi na sumaku. Nyanyua kapeti pembeni ya kiti, gonga bati la ndani kwa mpini wa bisibisi. Bati zima linalia kwa sauti ya juu, lililoliwa linajibu kwa sauti ya kitambaa. Pitisha sumaku upande wa nje: pale isiposhika kuna puti. Tazama kwa chini kama sili ina mshono wa bati juu ya bati, maana wauzaji wengi wa zamani walikuwa wanachomelea sili mpya juu ya ile mbovu ili gari lipite ukaguzi wa MOT mwaka huo. Tazama na nyuma ya viti, kwenye sakafu, utakuta vifuniko vya betri. Gari la mwaka wenu lilitoka na betri mbili za volti 6, kila moja na kikapu chake cha bati, na tindikali imevila vikapu hivyo kwenye magari mengi. Umalizie kwenye mashikio ya springi za nyuma.

Ukikuta kutu kwenye sili, na kwa maelezo yako sitegemei ukose, kazi hiyo haifanywi kwa kipande kinachoonekana kati ya matairi. Sili inaendelea kwa ndani ya bawa la mbele, yaani bati linalofunika tairi, na nyuma inapita chini ya bawa la nyuma. Fundi anayejua atatoa mabawa ya mbele, atakata kipande cha chini cha bawa la nyuma, na atafunga vyuma vya kushikilia tundu la mlango kabla hajakata chochote, la sivyo gari litajikunja na milango haitarudi mahali pake maisha. Atafanya upande mmoja, akimaliza ndipo ahamie wa pili, huku kila mara anaurudisha mlango kuangalia mwanya. Uliza haya kabla hujampa mtu kazi. Akikuambia ataimaliza wikiendi moja, chukua ufunguo wako uondoke.

Bati zenyewe zipo. Hapo mna bahati kuliko wenye magari mengine ya umri huo, kwani MGB ilitengenezwa zaidi ya nusu milioni na soko la spea halijafa. British Motor Heritage, walioko Witney karibu na Oxford, wanapiga mabati kwa vifaa vya kiwanda cha zamani, na tangu 1988 wanauza hata bodi nzima mpya.

Ndiyo maana V8 kwa sasa inanitisha. Injini yenu ya lita 1.8 ilitoka na nguvu za farasi kama 95. Kiwanda kilipotia V8 kilipata 137, na ile nguvu ya kuzungusha, inayolikaza gari ukikanyaga mafuta, ilikaribia mara mbili. Yote hiyo itapita kwenye bodi ambayo jeki tu inaipinda.

Sasa injini. Shemeji wako anaiita maiti, mimi kwa namba ulizonipa naiona ina kidonda kimoja. Presha ya oili 60 barabarani na 20 ikiwa sailensa, moto ukishakolea, ni ya injini ambayo beringi zake za chini bado zinaheshimika. Silinda tatu zinakaribiana. Ingekuwa gasketi ya hedi imeungua kati ya silinda mbili, ungeona mbili za jirani zimeshuka pamoja. Kwako imeshuka moja, ya tatu. Na moshi wa bluu wa asubuhi unaopotea baadaye mara nyingi ni oili iliyochuruzika usiku kupitia gaidi za valvu, yale mabomba madogo yanayoongoza valvu.

Kabla ya kufungua chochote, toa kifuniko cha juu upime nafasi za valvu. Kitabu kinataka inchi 0.015 injini ikiwa baridi. Valvu iliyobana haikai vizuri kitini, na kompresheni inashuka kwa sababu hiyo tu. Rekebisha, pima tena. Isipopanda, tia kijiko cha oili kwenye tundu la plagi ya silinda ya tatu, zungusha injini kwa stata, usome geji. Ikiruka juu sana, ringi za pistoni zimechoka. Ikibaki palepale, hewa inapita kwenye valvu, na mimi nadhani ndipo ilipo: valvu ya ekzosti imeungua. Injini hizi zilitengenezwa zama za petroli yenye risasi, iliyolinda viti vya valvu. Vituo vya Uingereza viliacha kuiuza mwishoni mwa 1999. Hedi isiyotiwa viti vigumu vya kisasa huliwa kidogo kidogo, hasa ikikimbizwa.

Ikiwa hivyo, kazi ni kushusha hedi, kuipeleka kwa fundi mashine akatie viti vigumu vya ekzosti, gaidi mpya na valvu mpya, kisha gasketi. Hedi ya MGB inatoka bila kugusa sehemu ya chini ya injini, na watu wawili wenye spana za kawaida na siku moja ya Jumamosi wanaiweza. Mkitaka kusuka injini nzima baadaye, mtaisuka. Kwa leo haina haja.

Nisimvunjie shemeji heshima, lakini. Wazo lake lina babu na bibi. Ile V8 ya Rover ni ya aluminiamu. Asili yake ni Buick ya Marekani, Rover wakainunua miaka ya 60. Uzito wake unakaribiana na wa chuma chenu cha silinda nne, na ndiyo maana mtu mmoja aitwaye Ken Costello alianza kuzitia kwenye MGB kabla ya kiwanda. Kiwanda kikafuata na MGB GT V8 kati ya 1973 na 1976, yakatoka magari 2,591, tena injini zake zilikuwa za namna ya Range Rover kama hiyo aliyoiona. Kabla ya hapo, 1967, walijaribu kutia silinda sita ya chuma wakaiita MGC. Pua ikawa nzito, gari halitaki kukata kona, wakaiacha 1969. Kwa hiyo aliyechagua V8 hakuchagua ovyo.

Ila atie hesabuni yanayokuja nayo. Bodi yenu ya 1972 ilitengenezwa kwa injini nyembamba. Mabawa ya ndani lazima yaguswe ili manifoldi za ekzosti zipite, na shafti ya usukani iko njiani upande wa dereva. Kabureta zikikaa zilivyokuwa kwenye Range Rover, boneti haifungi. Kiwanda kilitengeneza manifoldi ya peke yake iliyozipeleka nyuma. Rejeta inataka kubwa zaidi na mahali pengine pa kuikalisha, kwani joto la V8 kwenye chumba kile ni shida inayojulikana. Klachi na giaboksi vinabadilika. Breki za mbele zinabadilika. Na jambo ambalo wengi hulikumbuka wakiwa wamefika barabarani: difu, zile gia za ekseli ya nyuma. Yenu ina uwiano wa 3.9 kwa moja. GT V8 ilipewa 3.07. Ukiacha difu ya sasa, V8 itakuwa inapiga kelele kwa spidi ambayo lori linakupita, na petroli inakwisha unaiona.

Halafu injini yenyewe ya kuvunja. Hizi V8 hazipendi oili chafu. Zikicheleweshwa, kamshafti inalika na matope yanajaa chini ya vifuniko vya valvu. Kama mwenye Range Rover alikuwa mvivu, mtanunua injini ya pili ya kusuka, na hiyo ina pistoni 8 na valvu 16 za kulipia. Pauni 5,000 zenu hazitoshi sili na V8 kwa pamoja. Mkianza na V8, mtabaki na gari lisilotembea, boneti wazi, na mabati yaliyokatwa. Gari la namna hiyo ndilo linaloshuka bei. V8 iliyomalizika vizuri ina wanunuzi wake, na yenye injini ya asili na bodi nzima inao wengi zaidi, maana kila anayeijua anajua anachonunua. Iliyoishia nusu hununuliwa na mvunja magari.

Ongeza na habari ya serikali. Gari lenu limepita miaka 40, kwa hiyo tangu sheria ilipobadilika Mei 2018 halilazimiki kwenda MOT, mradi halijafanyiwa mabadiliko makubwa ndani ya miaka 30 iliyopita. Injini yenye idadi tofauti ya silinda ni miongoni mwa yanayoweza kuhesabiwa ni mabadiliko makubwa, na kwenu hoja ni ngumu zaidi kwa kuwa V8 ya kiwanda ya miaka ile ilikuwa GT, ya wazi hawakuiuza. DVLA, idara ya serikali inayosajili magari, lazima waambiwe injini ikibadilishwa, na bima vilevile. Mimi binafsi ningelipeleka MOT hata bila kulazimishwa. Gari lililokaa chini ya shuka miaka yote hiyo lina mipira ya breki nisiyoiamini.

Tuje kwa shemeji, ambako najua ndiko kunakokunyima usingizi.

Usiende kwake na hukumu. Wewe ni mdogo kwake kwa cheo cha ukoo, na akisikia "Fundi wa gazetini kasema" mambo yameharibika. Nenda na swali, tena la ufundi, kwa sababu hapo ndipo anapojiona: "Kaka, huu mlango unanishinda, hebu nije tuutazame pamoja." Jeki shika wewe, kadibodi mpe yeye. Bisibisi mpe yeye. Aliyesomea ufundi akiona mwanya umebadilika mbele ya macho yake hahitaji kuelezwa na dereva wa basi. Atasema mwenyewe, na akisema, wewe kubali tu kwamba kaona mbali. Jaribio la kijiko cha oili nalo mwachie asome geji.

Za pauni 300 zungumza siku nyingine, msichanganye. Mwambie kwa upole kwamba fungu ni la wawili na kuanzia sasa hakitoki kitu bila nyote wawili kujua. Kianzio kile, kama muuzaji atakirudisha, sawa. Asiporudisha, na shemeji bado anaitamani injini, basi iwe yake, aimalizie kwa pesa yake na kuihifadhi kwake. Hakuna atakayemzuia kuitia siku bodi ikishakuwa na nguvu na fungu limejaa. Huenda akaendesha hii ya lita 1.8 ikiwa na hedi nzima, akaona inamtosha. Huenda asione. Hilo la baadaye.

V5C isikutie hofu sana, kwani yenyewe inasema mlezi wa gari aliyeandikishwa, haithibitishi mwenye mali. Lakini kwa kuwa haithibitishi upande wowote, andikeni karatasi yenu: nani alitoa ngapi, nusu kwa nusu, mmoja akitaka kutoka mwingine ananunua kwa bei gani. Wekeni sahihi, mke wako awe shahidi. Ameuliza pesa zimefikia wapi, basi hapo ndipo atakapoona. Usimtume kwa kaka yake na maneno yako, hiyo ni kumweka mtu kati ya damu yake na ndoa yake.

Kwa utaratibu, basi: bodi kwanza, breki na mipira ya mafuta pili, hedi iwe ya tatu. Mipira ya petroli nunua inayostahimili ethanoli, na ukifika kituoni tia ile ya daraja la juu yenye alama ya E5, yenye ethanoli kidogo, uiache E10 yenye ethanoli zaidi kwa magari mapya. Turubai na viti vije mwisho. Jiungeni na MG Owners' Club au MG Car Club, wana watu ambao wamekata sili hizi mara nyingi kuliko mnavyonyoa ndevu, na watawaambia ni gereji gani za huko kwenu zinajua kazi.

Ukishapima valvu na kutia kile kijiko cha oili, niandikie silinda ya tatu imesoma ngapi.